Vita vya Mkate wa Mabanga, na Jinsi Nilivyovishinda Nikiwa Nimeketi

Sogeeni, enyi watu wa Kitale na viunga vyake, enyi wa Matisi na Kipsongo, nanyi wa Kachibora kule ambako umande hukauka watu wakiwa wamekwisha kurudi shambani mara ya pili! Nanyi wa Bungoma, mnaosifika kwa kumpokea mgeni hata akasahau njia ya kwao, sogeeni pia, maana habari hii iliishia kwenu. Wekeni chini majembe. Mwenye chai na aishike, ila asiifyonze kwa kelele, kwa sababu ninakusudia kusimulia tendo kubwa, na mimi nikisimulia sipendi kukatizwa. Vizazi vilivyopita vilikuwa na mashujaa wao, waliovuka mito iliyofurika na kuua chui kwa mikono mitupu. Kizazi hiki kimepewa mimi. Msinung'unike, hamkuulizwa.

Mimi ndiye Kiptanui wa Matisi, Mlinzi wa Kaunta, Mpasua-Pakiti kwa Meno, mtu ambaye kitambi chake huingia mlangoni kwanza, na mwenyewe akafuata baada ya salamu. Ninauza dukani. Na tendo ninalolisimulia, tendo ambalo kwalo jina langu litatajwa hadi Webuye na ng'ambo yake, ni hili: nilikataa kipande cha mkate.

Naona wengine mmeanza kuinuka. Ketini! Nani amewaambia kwamba ni rahisi? Mkate uliokatwa, umepakwa siagi ya mkebe hadi kingo, umewekwa juu ya sahani ya maua katika nyumba ya mama mkwe, na ukoo mzima unakutazama mdomo. Jaribu wewe.

Chanzo cha vita hivi kilikuwa mke wangu, Nelima binti Wanyonyi, mzaliwa wa Mabanga, mwanamke mwenye jicho linaloona biskuti ndani ya mfuko wa shati. Alikuwa ameenda kliniki kwa ajili ya kizunguzungu kisichoisha, na muuguzi akampima, akampima tena, kisha akamwambia kwamba sukari imeanza kupanda. Haijafika pabaya, alisema, lakini njia yake inajulikana. "Mama, kula kitu kama vile imetoka kwa udongo," akamwambia. "Maharagwe, mboga, kiazi kidogo na maganda yake. Ukiona kitu iko kwa pakiti inang'aa, wewe pita tu."

Sasa, baba yake Nelima, Mzee Wanyonyi, alichukuliwa na maradhi hayo hayo. Aliugua kwa miaka, na mwisho wake haukuwa mzuri, na tangu hapo mama mkwe wangu akisikia neno sukari likitajwa na daktari redioni, huzima redio na kwenda kukaa nje. Ndiyo maana Nelima aliporudi kutoka kliniki hakulia. Alivua viatu, akaketi, akaniambia maneno ambayo bado ninayo.

"Baba Jelimo, mama asijue. Akijua atanifanya mgonjwa kabla hata sijagonjeka. Na wewe pia usinitengee sahani. Sitaki kula peke yangu kama mtu wa wodi, ninyi wengine mnaniangalia na huruma. Tukila, tunakula wote kitu moja. Hiyo tu ndio naomba."

Loo! Ni mume gani mwenye moyo wa nyama angeyasikia hayo na asisimame? Nilisimama. Na kwa kuwa palikuwa na malenge juu ya meza, niliuweka mkono wangu wa kuume juu ya malenge hilo, nikainua wa kushoto kuelekea dari, nikanena kwa sauti iliyomwamsha mbwa wa jirani.

"Shuhudieni, enyi kuta! Mimi Kiptanui, tangu saa hii, ninatangaza vita juu ya kila kilichofungwa, kilichozibwa, kilichotiwa rangi na kupigwa muhuri! Biskuti haitapita katika kinywa hiki. Soda haitalowesha koo hili. Tambi za pakiti zitanitafuta na hazitaniona. Nitakula kitokacho ardhini, pamoja nawe, sahani kwa sahani, hata mmoja wetu azikwe!"

"Baba Jelimo," Nelima akasema, "toa mkono kwa malenge nikate."

Hivyo ndivyo vita vilivyoanza. Na hapa lazima niwaambie ugumu wake, msije mkadhani nilikuwa shujaa wa mahali pa raha. Jeshi la adui lilikuwa limepiga kambi katika rafu zangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyelileta, mimi ndiye niliyelipanga mistari mistari, mimi ndiye niliyelipangusa vumbi kila asubuhi ili lipendeze. Biskuti za maziwa upande wa kulia, viazi vya pakiti vikining'inia mbele ya uso wangu, juisi za rangi ambayo Mungu hakuiweka katika tunda lolote. Nao wateja wakaja kutwa nzima kunifanya niziguse. Niliketi katikati yao nikitafuna karoti, nikatafuna, hata Wangechi anayeuza mboga ng'ambo ya barabara akanipigia kelele, "Kiptanui! Kwani siku hizi umekuwa sungura? Angalau njoo ununue ingine, hiyo umemaliza mpaka mkia!"

Zaidi ya hayo, nikapandwa na ule wazimu unaowapanda watu waliookoka juzi. Nikaanza kuhubiri. Mama akija kununua biskuti za watoto, mimi namwuliza kama ameshawahi kusoma vilivyoandikwa nyuma ya pakiti. Kijana akiomba soda, namweleza habari za mtama. Walinisikiliza kwa adabu, wakashukuru, wakavuka barabara wakanunua kwenye duka la Muturi. Ikabidi Nelima mwenyewe aje asimame kando ya kaunta aniambie kwamba nimeahidi kula vizuri, sikuahidi kufunga duka. Nikanyamaza, kwa shida.

Lakini kwa kweli, ndani ya nyumba yetu mambo yalikuwa mazuri. Tulikula kunde, tulikula maharagwe, tulikula ndizi za kuchemsha na uji wa wimbi usio na kitu. Nelima aliacha kuona kizunguzungu. Mimi niliacha kuhema nikifunga kamba za viatu. Tukala kitu kimoja, pamoja, na hakuna aliyemwangalia mwenzake kwa huruma.

Ndipo simu ikapigwa kutoka Mabanga. Mama mkwe anatuita. Mavuno yameingia, anataka kuona watu wake, tuje Jumamosi.

Enyi mlio na wakwe, mnajua maana yake. Enyi msio nao, nisikilizeni mjifunze. Huku kwetu mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu. Hubeba shopingi, na shopingi ina katiba yake. Kuna mkate, tena usiwe mmoja. Kuna sukari, majani ya chai, siagi ya mkebe, mafuta ya kupikia, na soda ya chupa kubwa. Na mfuko wenyewe usifungwe sana, ili jirani anayechungulia juu ya ua ausome mkate bila kuinuka kwenye kiti chake. Mkate ndio cheti kwamba binti aliolewa mahali pazuri. Nelima alijua hayo tangu utotoni, na kwa kuwa yeye Jumamosi asubuhi alikuwa anakwenda kusukwa saluni, aliniachia mimi. "Wewe ndio mwenye duka," akasema. "Pangia mama vitu vyake."

Nilisimama mbele ya rafu zangu nikiwa na gunia mkononi. Nikaunyosha mkono kuuchukua mkate. Na hapo, ndugu zangu, hekima ikanishukia, hekima ya aina ile inayowashukia wajinga tu. Nikajiuliza, je, nitampelekea mama wa mke wangu kitu nilichokifukuza nyumbani kwangu? Je, vita havina mipaka? La hasha! Nikauacha mkate. Nikavuka hadi kwa Wangechi, nikavuka hadi sokoni, nikanunua vilivyo bora kuliko vyote: malenge mawili yenye shingo, mkungu wa ndizi mbichi, maharagwe ya rangi zote, na juu ya yote hayo gunia zima la viazi vitamu, vinene, vyekundu, vilivyonifanya nijipige kifua. Nikavipakia nyuma ya pikapu ya duka, nikavifunika turubai. Nelima akatoka saluni akiwa amependeza sana, akaingia mbele moja kwa moja, tukaondoka.

Tukapita Kiminini, tukapita Kamukuywa, tukashuka Misikhu. Tulipofika Webuye, Nelima akanigeukia.

"Mkate uliweka?"

"Chakula nimeweka cha kutosha," nikajibu, nikitazama barabara.

Sikudanganya. Kiazi ni chakula.

Mabanga tulipokelewa kwa vigelegele. Barasa, kaka yake Nelima, mwimbishaji wa kwaya, mwenye sauti isiyojua kunong'ona, alikuja kutupakulia mizigo. Mkewe Jentrix alikuwa nyuma yake akijifuta mikono, na majirani watatu wanne walikuwa wamepata shughuli za ghafla karibu na ua. Barasa akaishika turubai kwa mikono miwili, akaifunua kama mtu afunuaye zawadi ya harusi.

Akachukua kiazi kimoja, akakigeuza mkononi.

"Shemeji," Barasa akasema. "Hii ni viazi?"

"Ni viazi!" nikasema kwa fahari.

"Viazi."

"Vitamu!"

"Shemeji, bana." Akageuka polepole akaangalia nyuma ya nyumba. Nami nikaangalia alikoangalia, na ole wangu, ndipo macho yangu yalipofunguka. Kuanzia ukuta wa jikoni hadi kwenye migomba, hadi kwenye njia, hadi karibu na tairi langu la mbele, palikuwa pametapakaa mashina ya viazi vitamu. Malenge yalikuwa yamelala juu ya paa la banda la kuku kwa kukosa pa kukaa. Nilikuwa nimepeleka viazi Mabanga. Nimewapelekea wakulima mazao yao wenyewe, tena wakati wa mavuno, tena mbele ya watu. Ng'ambo ya ua jirani mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, "Labda Kitale wameambiwa huku kuna njaa."

Nelima alinitazama tu, na mimi niliyestahimili karoti kwa wiki nyingi sikuweza kustahimili mtazamo ule.

Sasa mjue pia kwamba mimi ni mtoto wa Wakalenjini niliyeoa kwa Wabukusu, na katika nyumba hiyo ya zamani desturi bado inashikwa: mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawaketi pamoja, na hawasemezani uso kwa uso. Mama hukaa jikoni nyuma ya pazia, mimi hukaa sebuleni, na maneno yetu hubebwa na Barasa, ijapokuwa mimi ninamsikia mama vizuri na mama ananisikia vizuri, na Barasa yuko katikati anatuchosha sote wawili. Tena mkwe haombi chakula. Hula alichopewa, hushukuru, basi.

Nikaketishwa kwenye kochi la heshima, lile lililozama katikati, chini ya picha ya marehemu Mzee Wanyonyi. Sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya pazia, ya upole wa kutisha.

"Barasa. Uliza mkwe wetu, kuna mtu alimwambia hii boma inalala njaa?"

"Shemeji," Barasa akasema, "mama anauliza, ati kuna mtu alikwambia hii boma inalala njaa?"

"Mwambie hapana," nikasema.

"Mama, anasema hapana."

"Nimesikia. Basi chukua pikipiki, enda senta. Lete mkate, lete biskuti, lete siagi na soda. Watu wasiseme mkwe wangu alikunywa chai tupu kwangu. Kama hakuna kwa gari yake, itatoka kwa nyumba yangu."

Mnaliona pigo hilo? Mimi, mkuu wa majeshi, nilikuwa nimemwita adui mwenyewe na kumwonyesha njia! Lau ningeleta mkate wangu, ungepokelewa, ungewekwa kabatini na kusahauliwa. Lakini kwa kuwa sikuleta, mkate sasa ulikuwa unakuja kwa pikipiki, nao unakuja kwa hasira, na hautakwenda kabatini. Utaliwa, hapo hapo, na kila mtu, ili heshima ya boma irudi.

Barasa hakuchelewa. Jentrix akatandika kitambaa kilichofumwa kwa mkono, akapanga vikosi vya adui juu yake. Mkate uliokatwa vipande vinene, siagi imepakwa hadi inateleza. Biskuti zimepangwa duara. Soda nyekundu ikitoa mapovu. Chai ya maziwa yenye sukari iliyotiwa tayari, maana mgeni haulizwi. Kuku wa mkwe alikuwa bado jikoni, na kuku haji kabla ya chai. Barasa akaomba, akaombea mvua, serikali na wasafiri, na wakati wote huo mimi nilikuwa nimefumbua jicho moja nikizitazama biskuti. Zilikuwa za maziwa. Zilikuwa zile zenye sukari juu. Nisiwafiche, mate yalinijaa, na tumbo langu likatoa sauti ambayo Barasa aliichukua kuwa "amina", akamaliza.

Watu wakaanza kuchukua. Nelima hakuchukua. Alikuwa ameishika sahani yake juu ya magoti kwa mikono miwili.

"Nelima," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "mbona hauchukui mkate?"

"Nachukua, mama."

"Umekonda. Nimekuangalia ukishuka kwa gari, hata shingo imekuwa ndogo. Uko sawa?"

"Niko sawa, mama."

"Hauna shida?"

"Sina."

"Basi kula mwanangu nione."

Pazia likasogea kidogo. Na hapo nikamwona mke wangu akiutoa mkono wake kwenye sahani, akiunyosha kuelekea mkate. Mkono ulikwenda polepole. Hakuwa na njia nyingine. Akila, atakuwa amekivunja kile alichokishika vizuri wiki zote hizo, na kukivunja mara moja kwa mamake ni kukivunja mara zote, maana kila ziara itakuwa hivi. Asipokula, mama ataelewa, na kilio kitaanza, na kuanzia leo binti huyu atakuwa na sahani yake pembeni. Niliuona uso wake na moyo ukaniuma, na nasema wazi kwamba uliniuma, ingawa mashujaa huwa hawasemi.

Ewe ulimi wangu, uliyezoea kusema "karibu mteja", nisaidie sasa! Ewe Mungu uliyeumba maharagwe, nitie nguvu! Nilikusudia kusimama. Simulizi hii ingependeza sana kama ningesimama. Lakini lile kochi lilikuwa limenimeza, na nilipojisukuma mara ya kwanza nikarudi chini, na mara ya pili nikarudi chini zaidi. Basi vita hivi nilivipigana nikiwa nimeketi, magoti yamenifikia kidevuni.

"Barasa!" nikanguruma. Mkono wa Nelima ukasimama. "Mwambie mama mzazi wa mke wangu, mama wa boma hili lisilojua njaa, kwamba mkwe wake ana neno. Mkate huu ni mkate wa heshima, nami nauinamia. Lakini siwezi kuula. Niliapa nyumbani kwangu, mbele ya kuta na mbele ya malenge, kwamba hakitaingia kinywani mwangu kitu kilichotoka kiwandani. Na kwa ukali wangu, kwa kichwa changu kigumu, nimemlazimisha na Nelima. Yeye hana kosa. Yeye anautamani mkate huu. Ni mimi nimemkataza! Lawama ni yangu, aibu ni yangu. Mwambie mama kwamba mimi, mkwe, ninayejua vizuri kwamba mkwe haombi chakula, ninaomba chakula. Ninaomba viazi!"

Jentrix aliweka kikombe chini. Jirani mmoja aliyekuwa ameingia kuazima chumvi aliisahau chumvi. Sidhani katika boma lile palikuwa pamewahi kutokea kitu kama hicho, mtu mzima, mkwe, kukataa mkate na kudai viazi kwa kelele.

Nyuma ya pazia nilisikia kuni zikilia.

"Barasa," mama akasema mwishowe. "Uliza mkwe wetu. Ni viazi yake anataka, ama ni yetu?"

Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo palipokuwa na makali ya upanga. Hata mimi, pamoja na wepesi wangu wote wa kuropoka, nilijua kwamba jibu ni moja tu.

"Yenu, mama," nikasema moja kwa moja, bila Barasa. "Yangu irudi Kitale. Haifai kitu mbele ya yenu."

Kicheko kikatoka jikoni. Kilianza kidogo, kikakua, kikawa cha mwanamke anayejishika mbavu. "Uuuwi! Kumbe mkwe ana akili! Jentrix, toa ile sufuria."

"Gani, mama?" Jentrix akauliza, lakini alikuwa ameshainuka.

"Si ile tumeficha!"

Ikaja sufuria nyeusi, kubwa, imefunikwa jani la mgomba. Viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na maharagwe, mvuke unapanda, na kando yake kunde zilizotiwa simsim ya kusagwa. Ndicho walichokuwa wamejipikia wenyewe tangu asubuhi, wakakificha chini ya meza ya jikoni tuliposimamisha gari, kwa kuona kwamba hakimfai mgeni wa mjini. Barasa alipoiona alisahau ubalozi wake kabisa. "Asante Yesu!" akasema, akairudisha biskuti aliyoishika katika duara lake. "Mimi nilikuwa nimelia ndani ya roho. Nilijua sitaikula mpaka wageni waende."

Nikajiegemeza nyuma kwa ushindi, nikingojea wimbo wa kunisifu. Badala yake pazia likafunguka.

Mama mkwe akatoka. Hakunitazama, heshima yetu ikabaki mahali pake, lakini aliingia sebuleni akiwa ameshika mwiko, akaenda hadi kwa Nelima, akainama juu ya sahani yake. Aliweka maharagwe. Akaweka kunde nyingi. Kiazi aliweka kidogo tu pembeni, kiasi cha kiganja cha mtoto. Akamtazama bintiye usoni kwa muda.

"Mama," Nelima akaanza.

"Kula." Sauti yake ilikuwa ya chini sasa. "Baba yako nilimpikia miaka mingapi? Wewe unafikiria mimi naweza kuona mtoto wangu amekonda hivi, anaogopa mkate, na nisijue? Ya baba yako tulijua tukiwa tumechelewa. Wewe umejua mapema. Sasa kwa nini nilie?"

Macho yake yalikuwa na maji, lakini hakulia. Na mimi, Kiptanui wa Matisi, nikaelewa kwamba uongo wangu mkubwa, uongo wa kishujaa, ule nilioutoa kwa sauti ya simba nikiwa nimekunjwa na kochi, haukumdanganya mtu hata mmoja. Labda jirani wa chumvi.

Nelima aliiangalia sahani yake, kile kiazi kidogo kilichopimwa, na nikaona lile aliloliogopa linamfikia: sahani ya mgonjwa, katikati ya watu. Mama naye akaliona. Akanyanyuka, akamgeukia Barasa, akampimia vile vile, maharagwe, kunde, na kiazi cha kiganja cha mtoto.

"Mama!" Barasa akalalamika. "Mimi niko na shida gani?"

"Na wewe nyamaza." Akampimia Jentrix. Akampimia jirani. Akampa Jentrix sahani yangu aniletee, nayo ilikuwa imepimwa hivyo hivyo, hakuniongezea hata tonge kwa ajili ya ushindi wangu. Mwishowe akajipimia mwenyewe, na badala ya kurudi jikoni akaketi kwenye kigoda kando ya mlango, tukiwa tumepeana mgongo mimi na yeye, na sote tukaanza kula.

Chakula kilikuwa kitamu mno. Zile biskuti zilikaa katika duara lao. Nilizitazama mara moja, au tuseme mara kadhaa. Kisha nikasikia Nelima akicheka, maana Barasa alikuwa anajaribu kuiba kiazi cha Jentrix, na alikuwa anacheka na kinywa kimejaa, bila haya, kama alivyocheka siku zile nilipoanza kumfuata.

Basi na ijulikane Kitale, na ipigiwe mbiu Kiminini na Webuye, na watoto wa shule watakaokosa jambo la maana la kujifunza wafundishwe hili: kwamba Jumamosi ile, katika boma la marehemu Wanyonyi huko Mabanga, mtu mmoja mnene aliketi mbele ya mkate na hakuula, na mkewe hakula peke yake.